Aliyenyimwa Kuingia na Aliyeshindwa Kutoka

Nilipowaacha, mume wangu alikuwa angani na mimi nilikuwa mbele ya kioo, najaribu gauni.

Kwa ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kukaa nami, nimfupishie. Niliingia nchi hii kwa mlango wa mbele, na viza ya kazi iliyogongwa muhuri huku naangalia, nije kushona sare kiwandani. Kiwanda kikafungwa. Mwenye kiwanda akatoweka na cherehani zake, na viza yangu ikafa hapo hapo, maana ilikuwa imeandikwa kwa jina la kiwanda. Nikatakiwa kuondoka. Sikuondoka. Tangu hapo mimi ni mtu aliyezidisha muda, au kama wenyeji wanavyosema wakiwa na adabu, mtu asiye katika utaratibu.

Utaratibu wangu ni huu: chumba cha chini ya ardhi, nyuma ya duka la dobi, cherehani mbili, meza moja na taa isiyozimwa mchana. Nafupisha suruali za watu wa maofisini. Natoa zipu mbovu, natia nzima. Napanua viuno vya waliopandishwa vyeo. Wateja hawanioni. Wanaona suruali tu, zikipanda ngazi zimeshapigwa pasi.

Mnaniuliza kwa nini sikurudi. Ukitoka hali umezidisha muda, wanakufungia mlango kwa miaka, na kule nyumbani nina watoto pacha wanaosoma kwa suruali hizo. Nikasema nitabaki kwa muda mfupi. Muda mfupi ukanogewa. Nilipoaga, pacha walikuwa wanaanza darasa la kwanza, kila mmoja kashika upande wa sketi yangu. Sasa naambiwa wanavaa viatu vyangu.

Mwaka huu nikapata wakili. Akapeleka ombi wizarani ili nipewe kibali, na pasipoti yangu akaiambatisha huko huko. Akaniambia sasa ningoje, na wakati nangoja nikae mbali na polisi, mbali na mpaka, na zaidi ya yote, mbali na uwanja wa ndege.

Siku ninayowasimulia, nilikuwa nakwenda uwanja wa ndege.

Mume wangu ni mkaguzi wa mizani. Anaingia madukani na sokoni na mawe yake ya chuma kwenye kisanduku, anaangalia kama kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Kazi hiyo inaharibu mtu. Zamani nikimuuliza kama chakula kimekolea chumvi, alikuwa anaonja, anafikiri, anaonja tena, kisha ananijibu. Na jibu lake halikuwa la kunifurahisha kila mara.

Viza ya utalii aliipata kwa sababu fomu iliuliza kama ana mke, akaandika anaye. Haikuuliza mke yuko wapi. Naye asipoulizwa hasemi.

Ila nilijua uwanjani ataulizwa. Kwa hiyo kila Jumapili nilimpigia simu nikajifanya afisa.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kutalii."

"Kutalii nini?"

"Majengo."

"Majengo gani?"

Hapo akafikiri kwanza, kama anavyoifikiria chumvi. "Yale marefu."

Dada Sindano, ambaye tunashona naye meza moja, alikuwa akisikiliza mazoezi hayo na pini mdomoni. Tunamwita hivyo kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Yeye ana kibali, ana leseni, na ana gari dogo linalokohoa. Jumapili ya mwisho alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akasema mwanamume huyu atatuzika sote. Na bado ndiye aliyenipeleka.

Ukumbi wa wanaofika una uzio wa chuma unaofika kiunoni, na sisi tunaongoja tulikuwa tumeuegemea. Kulikuwa na madereva wenye vibao vya majina, na mama mmoja na maua yake kwenye nailoni. Kila milango ya kioo ilipofunguka, shingo zilirefuka.

Abiria wa ndege yake walitoka, mmoja mmoja, kisha makundi, kisha mmoja mmoja tena. Madereva wakapata watu wao. Yule mama akakabidhi maua yake. Mwishowe wakatoka wahudumu wa ndege wenyewe, wanakokota visanduku vyao, mmoja ameshavua viatu virefu na kuvaa vya kutembelea. Nilipowaona hao, nikaacha kurefusha shingo. Ndege ikishatoa wahudumu haina tena cha kutoa.

Dada Sindano akasema labda begi limepotea. Hata yeye hakuonekana kuamini.

Simu yangu ikaita, namba nisiyoijua. Dada Sindano akaniambia nisipokee. Nikapokea.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya taratibu. Akataja jina langu lote mpaka la babu. Akasema ni afisa wa uhamiaji, na yuko na bwana anayedai kuwa mume wangu, na bwana huyo amemwambia kwamba mimi niko nje ya milango, nimevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe. Je, ni kweli?

Nikaitazama kola yangu. Picha ya gauni hilo nilimtumia mwenyewe, aikute akitua, asije akanipita.

"Ni kweli," nikasema.

Akasema sishurutishwi, lakini ingemsaidia kama ningefika kwenye ofisi ya pembeni ya duka la kubadilishia fedha. Akasema tafadhali. Nimeishi huku vya kutosha kujua kwamba mtu wa serikali akisema tafadhali, unakaa chonjo.

Dada Sindano alikuwa ameshashika funguo za gari. Akanivuta kando, akanipa ukweli wote bila kuupunguza: yule bwana haingii hata nikienda, atarudishwa tu. Nikienda nitawaongezea kazi, badala ya kumrudisha mmoja watarudisha wawili. Ombi langu wizarani litakufa. Pacha watakosa huku na kule. Hakukuwa na neno moja la uongo katika yote aliyosema.

"Nataka nimwone tu," nikamwambia.

"Umwone, halafu?"

Nikampa ufunguo wa chumba changu. Nikamwambia kuna suruali ya kijivu nimeiacha kwenye cherehani, mguu mmoja nimepinda, mwingine bado, mwenyewe anaifuata kesho. Akaupokea ufunguo kama anapokea wosia.

Mlangoni mwa ofisi kulikuwa na mlinzi. Nikamwambia nimeitwa na uhamiaji. Akataka kitambulisho. Nikamwambia sina, na nadhani ndiyo sababu nimeitwa. Akanieleza kwa upole kwamba asiye na kitambulisho haruhusiwi kuingia. Miaka yote nimewakwepa watu hawa, nimebadilisha njia, nimelala na viatu, na siku niliyojileta kwa miguu yangu mwenyewe nikazuiwa mlangoni. Ilibidi nimpigie yule afisa simu, aje kunichukua.

Alikuwa mwanamke wa makamo, sweta juu ya sare kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi. Alipotangulia nilitazama upindo wa suruali yake, kama ninavyotazama upindo wa kila mtu. Ulikuwa wangu. Mshono wa mkono, uzi mara mbili kwenye kisigino usiachie. Nikasema moyoni, kumbe serikali hii imekuwa ikinivaa muda wote.

Chumba kilikuwa na meza, viti vinne vya plastiki na milango miwili. Mmoja ndio tulioingilia, wa kwenda ukumbini. Mwingine ulikuwa wa upande wa ndege.

Mume wangu alikuwa amekaa na begi mapajani, amelikumbatia kwa mikono miwili. Ameota mvi juu ya masikio. Shati alilovaa nililishona mimi, kabla ya mambo haya yote. Shingo ilikuwa imepungua, kola imebaki pale pale.

Akasimama. Nami nikasimama. Afisa akaninyooshea kiti cha upande wa pili wa meza, basi tukakaa tunatazamana kama watu waliokuja kugombea mpaka wa shamba.

Katikati ya meza palikuwa na simu, na ndani ya simu palikuwa na mkalimani. Sikumwona wala sikujua yuko mji gani. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha taarifa ya habari. Afisa akatueleza sharti: kila kitakachosemwa humu kipite kwa mkalimani, hata kikiwa cha mume na mke, ili naye asiachwe nyuma.

"Hujambo, Mama Pacha," mume wangu akasema.

Simu ikasema kwa lugha ya wenyeji: mume anamjulia hali mke.

"Sijambo. Umepungua."

Simu ikasema mke anaona kwamba mume amekonda. Afisa akaandika.

Nikamuuliza amesema nini mpaka tukafika hapa. Akalishusha begi chini, akaweka mikono mezani, akaanza kunieleza kwa mpangilio, kama anavyowaeleza wenye maduka kosa la mizani yao.

"Nilianza vizuri. Nikasema majengo. Akauliza yapi, nikasema marefu. Akatabasamu. Kisha akaniuliza kama nina mtu yeyote hapa. Akaniuliza kwa adabu tu. Sasa ningesemaje? Niseme sina mtu?"

"Ndiyo. Tulifanya mazoezi."

"Tulifanya mazoezi ya majengo," akasema. "Hilo la kusema sina mke hatukulifanyia mazoezi."

Mkalimani alichukua muda kulitafsiri hilo. Afisa akaacha kuandika, akatazama kalamu yake, akaandika tena.

Kisha akatoa uamuzi. Mwanamume ameomba viza ya utalii, lakini ana mke humu nchini, tena mke asiye katika utaratibu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuamini kwamba atarudi kwao. Akamuuliza, kwa haki tu, kama ana la kusema. Mume wangu akasema atarudi, kuna soko anatakiwa kulikagua. Afisa akasema kila mtu husema atarudi. Mume wangu akamjibu bila ubishi kwamba wenye maduka nao kila mtu husema mizani yake ni sawa, ndiyo maana yeye huenda na mawe. Kama afisa ana njia ya kupima, ampime.

Afisa hakuwa na njia ya kupima. Akagonga muhuri. Atarudishwa kwa ndege ile ile, ikishajaza mafuta.

Halafu akaigeukia kompyuta, akaandika jina langu.

Nawaambia kweli, nilitarajia kuogopa. Badala yake nikapata nafuu, kama mtu aliyevua viatu vya kuazima. Nikaona mambo yote kwa mara moja: ndege, njia ya nyumbani, pacha mlangoni na viatu vyangu miguuni. Miaka mitano, miaka kumi ya kufungiwa mlango, basi wafunge. Sikungoja aulize.

"Najua nimezidisha muda," nikamwambia. "Niondoe leo. Niweke naye ndege moja. Kama kuna kiti pembeni yake, nitashukuru zaidi."

Simu ikayageuza hayo kwa Kiswahili, na mume wangu akanyanyua uso. Alianza kutabasamu. Akavuta begi lake kando kidogo, kama vile nataka kukaa pale pale.

Afisa alisoma kwa muda. Akashusha pumzi. Akasema haiwezekani.

Ombi langu liko wizarani na halijajibiwa, na sheria hairuhusu kumwondoa mtu ambaye ombi lake halijajibiwa. Nikasema nimelifuta, nalifuta sasa hivi, ashuhudie yeye na mume wangu na hiyo simu. Akasema ombi hufutwa kwa maandishi ya wakili, na kufutwa kwenyewe nako kunasubiri kukubaliwa. Tena hakuna ndege itakayonibeba bila pasipoti.

"Pasipoti yangu mnayo nyinyi," nikamwambia.

"Ndiyo, tunayo."

"Basi nipeni niondoke."

"Hatunayo hapa. Tunayo makao makuu."

Nikamuuliza makao makuu ni mbali. Akasema si mbali, ila faili likishaingia kule halitoki mpaka lijibiwe.

Mambo yakawa hivyo. Mume wangu, aliyekuja na karatasi zake zote, amenyimwa kuingia. Na mimi ambaye miaka yote nimeambiwa nitoke, siku niliyokubali kutoka nikanyimwa. Walitutenganisha kwa uangalifu mkubwa, na hakuna aliyekosewa heshima.

Hata nilipewa zawadi. Kwa kuwa nilijisalimisha mwenyewe, afisa akanichapia karatasi yenye picha yangu: nisibughudhiwe mpaka ombi langu lijibiwe, niripoti kila mwezi, na nisijihusishe tena na kosa lolote la uhamiaji. Tangu kiwanda kifungwe sikuwahi kushika karatasi inayosema naruhusiwa kuwepo. Wakili wangu amesoma miaka mingi, na hakuwahi kunishauri nijipeleke.

Afisa akatoka kwenda kumwita askari wa kumsindikiza mume wangu. Alisahau simu mezani. Taa yake ndogo ilikuwa bado inawaka.

Tukabaki watu watatu, mmoja hana mwili.

Mume wangu akakohoa. Akasema kwamba kuna jambo alitaka kulisema tukiwa nyumbani kwangu, tumekaa vizuri, lakini anaona itabidi aliseme hapa.

"Pacha mdogo hataki tena kuja kwenye simu ukipiga," akasema. "Umeona mwenyewe."

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa naambiwa yuko bafuni, yuko kwa jirani, amelala.

"Anasema wewe ni sauti tu. Anasema hata shangazi yake anaweza kuitoa sauti hiyo. Nimemwonyesha picha, akasema picha ni picha. Mwisho akaniambia, baba, si wewe ni mkaguzi, nenda ukakague."

Nilingoja simu itafsiri. Haikutafsiri.

"Na mkubwa?" nikauliza.

"Mkubwa bado anakuota, kwa hiyo hajambo."

Kisha akanitazama. Nimewahi kumwona akitazama hivyo kazini, mshale wa mizani ukiwa bado unacheza, yeye amesimama tu, hamharakishi mtu, anangoja utulie. Alianza na uso wangu, akashuka kwenye mikono yangu ambayo vidole vyake vimekuwa vigumu kwa sindano, akarudi kwenye uso.

"Nitamwambia upo," akasema. "Nitamwambia nimekuona mimi mwenyewe."

Nilinyoosha mkono juu ya meza. Aliushika. Tulikaa hivyo, na ile taa ndogo ikaendelea kuwaka.

Afisa aliporudi tuliachana mikono haraka, kama vijana. Akaiona simu. Akainama, akaiuliza kwa lugha yake tumezungumza nini alipokuwa nje.

"Hakuna la kikazi lililosemwa," simu ikajibu, na ikakata.

Niliondoka kwa mlango wa ukumbini. Sikugeuka nyuma, maana nilijua nikigeuka sitatoka kwa miguu yangu. Mume wangu aliachwa kwenye kiti chake amngojee askari, ambaye alikuwa bado anatafutwa.

Dada Sindano alikuwa ameshafika kwenye gari, lakini hakuwa ameondoka. Alikuwa ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, injini inakohoa. Nilipoingia alinitazama kama mzuka. Nikampa ile karatasi. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Akasema yeye kibali chake kilimchukua miaka ya kupanga foleni na mashahidi, na mimi nimepewa changu kwa kukamatwa.

Nilicheka. Kisha kicheko kikageuka, na yeye akaondoa gari taratibu.

Tulikuwa hatujamaliza kutoka kwenye maegesho simu ikaita. Namba ile ile. Safari hii hakusema tafadhali.

"Yuko nawe?"

Nikamuuliza nani.

Akaniambia kwa sauti kavu. Baada ya mimi kutoka, na kabla askari hajafika, aliingia mtu wa usafi na ndoo yake kupiga deki chumba. Mtu wa usafi wa pale uwanjani huvaa sare, yenye beji na mabega kama ya askari. Alimwona bwana amekaa katikati ya chumba, akamwashiria kwa mkono atoke ili sakafu ikauke, akamfungulia mlango ulio karibu. Mlango wa ukumbini. Kamera imeonyesha yote: mume wangu alisimama, akachukua begi, akamshukuru kwa kuinamisha kichwa, akatoka.

Pasipoti yake wanayo wahudumu wa ndege. Ndege inakaribia kufunga mlango. Akirudi kabla haijafunga, afisa ataliita jambo hili hitilafu na litaishia kwake. Asiporudi, ataandikwa kuwa ametoroka mikononi mwa uhamiaji, mimi nitaandikwa kuwa nimemsaidia, na ile karatasi niliyopewa nitaitafutia kazi nyingine.

"Nakuuliza tena. Yuko nawe?"

"Hapana," nikasema.

Miaka yote niliyokaa huku, ndiyo mara ya kwanza niliyomwambia mtu wa serikali hii kweli tupu kwenye simu mara mbili kwa siku moja. Hii ya pili hakuiamini.

Nilimweleza Dada Sindano. Akafunga breki, mwenye gari la nyuma akatutukana kwa mikono. Akasema hawezi kuelewa, mtu yule anayepima chumvi, leo katoroka. Nikamwambia hakutoroka. Mtu wa sare alimwambia atoke, akatoka. Mume wangu hajawahi kumpinga mtu wa sare tangu azaliwe. Wangempa mtu sare ya rubani, mtu huyo akamwambia mume wangu aendeshe ndege, angeuliza tu usukani uko wapi.

Lakini mambo yalikuwa yamegeuka. Kuanzia dakika ile, katika ndoa yetu, mwenye karatasi nilikuwa mimi. Mtu asiye katika utaratibu alikuwa ni mkaguzi wa mizani.

"Si yule?" Dada Sindano akasema.

Kituo cha mabasi kiko baada ya kizuizi cha maegesho. Kulikuwa na foleni ya kwenda mjini, na mwisho wa foleni alikuwa yeye, begi kifuani. Mama mmoja mwenye mtoto alifika nyuma yake, akampisha. Akafika mzee mwenye fimbo, naye akampisha. Kwa mwendo ule mabasi matatu yangepita, bado yuko wa mwisho.

Dada Sindano akasimamisha gari pasiporuhusiwa. Nikashusha kioo, nikamwita. Hakushtuka hata kidogo. Alikuja anatembea, akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akampa Dada Sindano shikamoo yake na pole ya safari, kana kwamba aliyesafiri ni yeye.

Kisha akainama mbele, kati ya viti vyetu. Uso wake ulikuwa umefunguka. Sijamwona na uso ule tangu siku tulipopewa pacha, mmoja mkono huu na mmoja mkono ule.

"Wameniruhusu, Mama Pacha," akasema.

Nikamtazama Dada Sindano. Mume wangu akaendelea.

"Askari mmoja amekuja mwenyewe. Hata hakuniuliza kitu. Amenifungulia mlango, akanionyesha njia. Nimemshukuru sana. Nilijua tu wakikaa wakafikiri wataona sina ubaya."

Dada Sindano alikuwa ameng'ata mdomo wa chini, anatazama barabara. Gari likasonga. Mbele yetu palikuwa na mzunguko wa barabara, na bango kubwa lenye mishale miwili: mmoja unarudi uwanjani, mmoja unakwenda mjini.

Tukazunguka mara moja. Simu mkononi mwangu ikaanza kuita tena. Tukazunguka mara ya pili. Nyuma yangu nilisikia mume wangu anautafuta mkanda, anauvuta, anaufunga vizuri mpaka ukalia.

Dada Sindano akapunguza mwendo. Hakunitazama.

"Uwanjani," akauliza, "au mjini?"

Gari la nyuma likapiga honi.